Kiti Laini cha Cucu

Mutuini, Jumapili jioni, Agosti 2006

Na bado yeye ndiye ataitwa mwenye huruma.

Wifi yangu Nyambura amemletea mama yake, Cucu wa watoto wetu, kiti cha sofa, laini kama mkate. Wote wakamsifu. Mimi ninayemsimamisha Cucu kila asubuhi tangu atoke hospitali kutoka kwenye stuli ya jikoni, akae, asimame, hadi miguu ikumbuke kazi yake, nikaambiwa namtesa.

"Mzee ni wa kupumzika, Mama Ciru. Hapa si jeshini," akasema Nyambura.

Ciru wangu, Wanjiru kama Cucu nyanya yake, anajifunza kutembea. Leo ameinuka, akaanguka, wakampigia makofi. Cucu alipotaka kuinuka, wakapiga kelele: "Kaa, Cucu, kaa!" Wanjiru mmoja anashangiliwa, wajina wake anakalishwa.

Walipoondoka nikasema, "Haya Cucu, tusimame." Akajaribu. Kile kiti kikammeza. Na wiki hii yote alikuwa akienda chooni mwenyewe.

"Nivute, mwanangu," akasema, bila kuniangalia.

Nimemvuta. Mgongo wangu mwenyewe...

Kesho kiti hicho kitalaliwa na paka. Cucu anarudi kwenye stuli, akinuna anune.