Mrithi wa Kulwa Masanja

Mwangaluka, Baba.

Tangu utuache kaka zangu wameshagawana shamba la Mwamapalala. Mimi wameniambia nitaolewa, shamba la nini. Wa kunisemea ulikuwa wewe.

Siku hizi pamba inanunuliwa na watu binafsi, na mimi nachapa kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Zile kadi za wakulima ulizoandika ukiwa karani wa ushirika zimeletwa kwetu. Mwenzangu ameziingiza zote: jedwali moja la wakulima, jingine la warithi. Juzi bosi akataka orodha ya kugawia mbegu. Kila mkulima aliyefariki, jina la mrithi litoke jedwali la pili, likae kwenye mstari wake. Kwa mkono ni kazi ya wiki nzima. Kwa amri moja, kufumba na kufumbua. Ungeipenda, Baba.

Nikaandika: jina likifanana na jina, chukua mrithi. Kompyuta ikatii bila kuuliza. Nikakimbilia mstari wako. Mrithi: Luhende, wa Kalemela.

Luhende ndiye nani? Siku nzima nilizunguka na hilo jina, nikiwaza kama una mtoto huko ziwani na Mama hajui. Nisamehe.

Kesho yake ndipo nikaona akina Kulwa Masanja wako wanne, na wote wamerithiwa na Luhende huyohuyo. Nilicheka, halafu nikalia. Nilikukumbuka dirishani ukiwafokea watu: "Jina weka mfukoni, Kulwa wamejaa hapa. Niambie namba." Kumbe ndiyo ile namba ndogo kwenye kona ya kadi, mimi nikidhani ni ya ukurasa.

Nikaandika amri upya, namba kwa namba. Kila Kulwa akapata mrithi wake. Kwako likaja jina langu, Kabula.

Sikuamini. Nilifungua kabati nikaitafuta kadi yenyewe. Nyuma yake, penye mrithi wa shamba, jina langu liko kwa mwandiko wako, na wino umeshapauka. Uliandika lini? Na kwa nini hukuniambia, Baba? Hilo bado linanisumbua.

Jumamosi naipeleka kadi kwa kaka zangu, waisome wenyewe. Wakinuna, wanune. Wewe pumzika. Mvua ya kwanza itanikuta shambani, nakuahidi. Mbegu nimeshazisainia.

Mwanao Kabula, anayetumia namba yako.