Maji ya Kunawa

Muheza, 3 Machi 1986

Bibi Kijakazi,

Shikamoo. Natumai hamjambo wote hapo Moa na magoti yako yamepoa. Mimi mzima, nashiba machungwa kuliko ugali.

Mafunzo ya uhudumu wa afya yamebaki mwezi mmoja. Nimejifunza kutibu kuharisha, kupima mimba na kumpokea mtoto. Lakini baba ameniandikia kwamba kina mama wanasema msichana ambaye hajazaa haingii chumba cha mzazi. Bibi, kijiji kizima kilinichagua mkutanoni. Mwalimu wetu wa mafunzo amesema wazi: kina mama wasiponikubali hadi mwisho wa mwaka, sanduku letu la dawa litapelekwa kijiji kingine. Wewe ndiwe mkunga wao, na ndiwe uliyenipokea mimi kule kambi ya mkonge. Nisemee.

Mjukuu wako,
Praxeda

Moa, 20 Machi 1986

Mjukuu wangu Praxeda,

Marahaba. Sisi wazima, magoti ndiyo hayo, yanajua mvua kabla ya redio. Usicheke mwandiko wangu, ni wa darasa la ngumbaru.

Kina mama usiwalaumu. Neno hilo nimelisema mimi. Asiyezaa hajui uchungu wa mwenzake; ndivyo nilivyofundishwa, nami nimepokea watoto miaka thelathini. Wape watu dawa za homa, wafunge vidonda. Nikitoka kuzalisha utanimiminia maji ya kunawa, kama ulivyokuwa ukifanya utotoni, lakini kizingiti hukivuki.

Nakuletea kipande cha sabuni. Miaka ile ya shida kipande kama hiki tulikuwa tukikiweka cha kuoshea maiti. Sasa dukani kwa Jafferji zimejaa tele.

Bibi yako,
Kijakazi

Moa, 11 Septemba 1986

Bibi,

Shikamoo. Habari za huko? Nani angejua kwamba nawe ungeitwa Muheza, semina ya wakunga, halafu mimi ndiye nikuandikie kutoka nyumbani.

Miezi mitano tangu nirudi sikuwa nimeitwa hata mlango mmoja. Jumatatu mchana mke wa Idarusi akajifungua. Shangazi zake walimpokea mtoto, mimi nimekaa uani na mkoba wangu. Mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka, lakini damu haikukoma. Nikaomba kuingia, wakanizibia mlango. Ndipo yeye mwenyewe akasema kutoka ndani, "Mwacheni aingie. Anayekufa ni mimi, si nyinyi."

Nikanawa, nikaingia. Nikamsugua tumbo mpaka kizazi kikakaza, nikamwekea mtoto kwenye titi. Damu ikakoma. Leo anakaa mwenyewe na anadai uji wa pilipili manga.

Wapo wanaonishukuru, na wapo wanaosema nimevunja mwiko wakati wewe hupo. Naogopa, Bibi. Bila radhi yako hakuna mlango utakaofunguliwa tena, na sanduku litaondoka. Nisamehe au nikataze, ila nijibu.

Mjukuu wako,
Praxeda

Muheza, 19 Septemba 1986

Praxeda,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili, ila kiburi kimepata ajali. Anayetufundisha ni muuguzi Nazlin, binti mwembamba, hajazaa. Siku ya kwanza nilimuuliza mbele ya watu atatufundisha nini. Akajibu kwa adabu zote, "Sijazaa, bibi, lakini nimepokea watoto mia mbili."

Kisha akatuonyesha kwamba mikono huoshwa kabla ya kumpokea mtoto. Miaka thelathini mimi nimenawa nikitoka. Nikawakumbuka wazazi walioshikwa na homa siku ya tatu, nikawaambia ndugu zao ni kazi ya Mungu. Nililia, mjukuu wangu, na sasa nalia tena.

Barua yako nimewasomea wenzangu darasani, wakapiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna arusi ya nani. Hii nayo wasomee kina mama, tena kwa sauti: aliyefunga mlango ni Kijakazi, na anayeufungua ni Kijakazi. Sanduku haliendi popote.

Narudi Jumamosi ya wiki ijayo. Binti wa Manase siku zake za kujifungua zimekaribia, tutakwenda pamoja. Tafuta birika na sabuni. Utanawa wewe kwanza, na wa kukumiminia maji ni mimi.

Mkunga mwenzio,
Kijakazi