Sikuizima Seva

Mugumu

Shangazi Akech mpendwa,

Shikamoo. Wale dagaa wa omena ulionitumia kupitia Sirari walifika salama, asante. Mvua huku imetukubali.

Juzi pale hospitali nilikuwa nabadilisha mfumo wa diski ya seva, ile kompyuta kubwa inayotunza taarifa za wagonjwa. Wengi wao ni vijana wa machimbo ya dhahabu wanaotumia dawa za kifua. Kazi ikawa inajikokota. Mkuu wangu, Bwana Venant, akaja juu: "Zima, uwashe upya! Watu wamejaa nje."

"Nikizima katikati, taarifa zitaharibika," nikamwambia. "Sizimi."

"Basi ukishindwa, kazi huna."

Nikakaa nikatafuta. Kumbe kamera za getini zilikuwa zinarekodi picha zao kwenye diski hiyohiyo bila kupumzika. Nikazihamishia diski nyingine, na kabla ya jua kuzama kazi ikaisha. Hakuna mgonjwa aliyepotea. Venant akasema tu, "Haya, waiteni wagonjwa."

Sasa hilo la mume wangu. Unasema Omolo amepata dhahabu, amejenga nyumba ya bati, niache kazi nirudi kwake. Mkono alionivunja bado unaniuma kukiwa na baridi, na ndio huu ninaoandikia. Sirudi, Shangazi, na usimtume mtu tena kunibembeleza. Nimepanga chumba hapa mjini, mtaa wa Morotonga. Mlango wake una ufunguo mmoja, na ninao mimi.

Mwanao asiyekusahau,
Akinyi