Sentensi Arobaini na Moja

Tunduma,
Jumatano.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Mgongo unaendeleaje? Kahawa mmeshaanza kuchuma? Mama mfikishie shikamoo yake. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umebanwa. Barua anaileta kaka Yesaya, na nimemwambia ni ya salamu tu. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako sitaweza kusema.

Unakumbuka nilivyopata kazi katika shule hii. Niliposhindwa kujibu maswali, Mkurugenzi aliniambia nifundishe chochote, nami nikafundisha daftari lako. Lile la jalada la bluu, uliloanza ukiwa karani wa ushirika, ukiandika kila get ya Kiingereza uliyoisikia redioni. Get ya kupata na ya kufika, ya kuelewa, ya kuzeeka, ya kuolewa, ya kunyeshewa, ya kupanda basi na ya kushuka. Ulisema Mzungu ni mvivu wa maneno, hilo moja kalibebesha mizigo yote kama punda. Sentensi arobaini na moja, nilizisema zote bila kutazama. Mkurugenzi alipiga makofi.

Tangu siku hiyo naitwa Madam Get. Wakija wageni natolewa darasani niwaonyeshe. Walimu tunalala humu humu shuleni, na getini kuna mlinzi anayeuliza unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Dirishani naona malori yaliyopanga foleni ya Zambia. Madereva wanalalamika wamekaa siku nne. Mimi nina miaka mitatu.

Mwezi huu jina langu limetoka kwenye ajira za serikali, nimepangiwa shule ya msingi huko Mbangala. Natakiwa kuripoti kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo nikiwa na vyeti halisi. Vyeti vyangu, Baba, vimo kabatini kwa Mkurugenzi tangu nilipoajiriwa. Nilimwomba kwa heshima zote. Alijibu kwamba mwalimu akishika vyeti vyake leo, kesho yuko kwenye basi, na kwamba mkataba wangu bado mwaka mmoja. Nilirudi mara ya pili na ya tatu, na ya tatu hakuniinulia hata macho.

Sasa nikuambie nililofanya. Jumatatu nilimwambia Mkurugenzi kwamba umefariki.

Nilisema ulifariki alfajiri, na uliacha neno kwamba vyeti vyangu viwekwe juu ya jeneza wakati wasifu wako unasomwa. Nilijua asingeweza kumnyima marehemu. Nililia machozi ya kweli, maana nilipotamka jina lako nilikuona umelala. Naona aibu, Baba. Mtoto gani anamzika baba yake kwa mdomo.

Mkurugenzi alivua miwani. Alisimamisha vipindi, akawakusanya watoto uwanjani, akawasimulia habari za daftari lako, wakanyamaza dakika nzima. Kisha akaniambia vyeti hatanipa mimi mkononi, atavibeba mwenyewe, ataviweka juu ya jeneza na kurudi navyo. Aliponiuliza mazishi ni lini, nikasema Jumamosi, tunawasubiri ndugu wa Momba. Kwa hiyo Jumamosi basi la shule linakuja huko nyumbani Ihanda. Walimu wamekusanya mchele. Watoto wanafanya mazoezi asubuhi na jioni, watazisema sentensi zako zote kando ya kaburi.

Sitakuficha: nilifikiri kukuomba ujifungie ndani siku hiyo moja, Mama akae nje amejitanda khanga. Nilipofikiri hivyo ndipo nilipojiogopa. Nakuomba kinyume chake. Vaa koti lako la kanisani, ukae mlangoni na daftari mapajani. Basi likifika, inuka uwasalimie. Mimi nitashuka wa kwanza, nitapiga magoti mbele yako na mbele yao, niseme yote. Ningeweza kumwambia Mkurugenzi leo, lakini leo bahasha ya vyeti imefungiwa kabatini. Jumamosi itakuwa mkononi mwake, nyumbani kwako, na wewe ni mzee wa nyumba. Mwombe kwa niaba yangu. Anaweza kukupa. Anaweza pia kuondoka nayo, nikakosa hapa na nikakosa Mbangala, nami sitakuwa na wa kumlaumu.

Watoto lakini waache waseme sentensi zao kabla hawajarudi. Wamehangaika nazo, na hakuna mwingine anayeweza kuwaambia kama wamekosea.

Msalimu mdogo wangu Tumpale na majirani wote, ila haya usimweleze mtu isipokuwa Mama. Na tafadhali, Baba, jifunike vizuri asubuhi, usibebe magunia, dawa za mgongo usiruke. Wiki hii usiugue.

Ni mimi binti yako,
Atuganile Zebedayo