Majibu ya Ijumaa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji naye hajambo, na mwanao, Kasuku wetu, bado anawachosha kwa maswali. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa, na nitakueleza kwa nini, ila nakuomba usome mpaka mwisho hata ukitamani kuichana.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeandika kwamba mwezi ujao utamleta mwanao kwa Mtumishi aombewe kifafa, na kwamba umeanza kumpunguzia vidonge ili imani itangulie. Umeandika pia kwamba wewe hutatia shaka kama marehemu mama alivyotia. Hapo nililia, dada, mtu mzima na ndevu zangu.

Unaijua kazi yangu. Tangu niajiriwe maabara ya hospitali, mama aliniita Hadubini, akawatambia majirani kwamba mwanawe huona vijidudu visivyoonekana. Kumbe fisi amesimama mlangoni na sikumwona.

Mtumishi alikuja dirishani kwangu mara ya kwanza kupima malaria. Mcheshi kupindukia, alinitania kwamba sote wawili tunafanya kazi ya damu, ila ya kwake haihitaji sindano. Tukazoeana, nikahamia kanisani kwake, na mama akanifuata, akamwacha mchungaji mzee aliyetubatiza. Mzee yule hakugombana na mtu. Alimwambia mama tu kwamba mwalimu akikukataza kumuuliza, huyo ndiye wa kuulizwa zaidi. Mama akasema ni wivu wa uzee.

Mtumishi akaanza kutangaza uponyaji. Jumapili moja alimsimamisha mwanamke mmoja muuza mboga, akasema uvimbe wake umeondolewa ubaya. Jumatatu daktari akamwambia yule mwanamke kwamba si saratani. Alitoka chumbani akiimba, na foleni nzima ikaimba naye. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya dereva wa lori, kifua kikuu hakipo. Kisha mwalimu wa chekechea. Mama alihesabu kwa vidole. Ahadi saba, aliniambia, na zote zimetimia.

Ndipo Mtumishi alipomwambia kwamba amepona kisukari, aache sindano. Nilimsihi asiache. Alinijibu kwa upole kwamba mimi napima damu, lakini Mtumishi anaongea na aliyeiumba. Akazitupa chupa zake za insulini. Siku ya tano nilimpima kwa mikono yangu, sukari ikapita kiwango ambacho kifaa kinaweza kusoma. Alifia katika wodi inayotazamana na maabara yangu, midomo imemkauka, akinong'ona kwamba amepona. Hakutia shaka hata chembe. Mtumishi ndiye aliyesema kwenye mazishi kwamba imani ya mama ilipungua, na mimi, mwanawe wa kumzaa, niliitikia amina.

Sasa nikwambie nililolificha. Kwetu majibu ya vipimo vikubwa hutoka Ijumaa jioni, na wagonjwa huyapata kwa daktari Jumatatu. Mtumishi aliniomba nimdokeze wenye majibu mazuri tu, eti kanisa lijiandae kushukuru. Nikawa nampa majina kila Jumamosi. Sikuona ubaya, maana sikutoa siri ya mtu aliyeumwa wala sikusema uongo. Nilipomsikia akiyatangaza kama maono, nilijua kinachofanyika, nikanyamaza. Alikuwa amenifanya mzee wa kanisa na kunipa kiti cha mbele, na utamu wa kuheshimiwa ukaniziba mdomo. Zile saba alizohesabu mama zilitoka kwangu, zote. Sentensi moja tu ingemrudisha kwenye sindano zake, nami niliona aibu kuitamka. Mtumishi ni fisi aliyevaa ngozi ya kondoo, ndiyo, lakini ngozi nilimshonea mimi.

Jumamosi iliyopita, baada ya kusikia kwamba unakuja, aliniuliza Kasuku alianguka lini mara ya mwisho na anatumia dawa gani. Nilimtazama, nikamwona mama amelala pale wodini. Safari hii sikumpa lolote, nikaenda zangu.

Nimeshamweleza mkuu wa hospitali, na kazi huenda imekwisha. Jumapili nitasimama kanisani niyaseme haya mbele ya muuza mboga na wenzake wote, wanizomee wakitaka. Nimekwenda pia kwa mchungaji mzee. Nilidhani atanifukuza, alinivutia kiti. Alisema Mungu hajahama, nimwombe, lakini safari hii nisilaze akili yangu usingizi nikisali. Nawe mwombee mtoto hivyo hivyo.

Dada, usisubiri mwezi ujao. Mpeleke Kasuku kwa daktari wake leo, umweleze ulivyopunguza vidonge, akupangie upya. Nisalimie shemeji, na umsomee barua hii yote bila kunisitiri. Mbusu Kasuku kwa niaba ya mjomba wake. Mtoto akishameza dawa yake akalala salama, hapo ndipo unichukie, kwa nafasi yako, hata miaka. Chuki yako naistahili. Jeneza la pili sitaweza kulibeba.

Ni mimi mdogo wako, niliyeitwa Hadubini.