Pakingi ya Ngozi

Baba Mdogo,

Ngozi tuliyokuviringishia niliichagua mimi. Wazee wa Ngulyati walikataa sanduku, wakasema mtu wa heshima yako hulala kwenye ngozi ya dume, na aliyebaki anayejua ngozi ni mimi. Nikakuchagulia nene, isiyo na makovu ya kupe, kama ulivyonifundisha. Nilitamani niifanye kazi hiyo vibaya. Mikono ilikataa.

Waombolezaji walikusifu hadi nikachoka. Walisema enzi za Ushirika mashine ya kufunga marobota ya pamba haikuwahi kuvuja mikononi mwako, na ni kweli. Ulikata pakingi, ile pete ya kuziba maji yasivuje, kutoka ngozi ya mgongo wa ng'ombe wa plau, ukailoweka kwenye mafuta, ukaitafuna ukingoni kujua kama imekubali. Maji yaliyoisukuma ile mashine yalikuwa na nguvu ya kuvunja mfupa, lakini hapo hayakupita. Mimi na pacha wangu Kulwa tulikutazama ukitafuna, tukaamini hakuna usilolijua.

Kisha biashara ikawa huria, Ushirika ukafa, tajiri akanunua kiwanda na kuleta boila ya kutoa mvuke wa kupikia mbegu kabla ya kukamuliwa mafuta. Valvu zake zilikuja na pakingi zake, kamba nyeusi za grafiti. Ulicheka. Ukasema kamba ni za kufungia mbuzi. Ukatufukuza, ukaitia valvu kubwa pakingi peke yako.

Kulwa ndiye aliyeifungua. Pakingi ikachomoka, mvuke ukamvaa uso na kifua, na wewe uliyekimbilia kuufunga ukaungua mkono. Ukamweleza tajiri, ukatueleza na sisi, kwamba kijana alifungua kwa pupa. Nani angekubishia? Kulwa alikufa wiki ileile. Tangu hapo Mama hajawahi kumlilia mwanawe bila kumkaripia. "Kulwa na pupa zake," husema, hata mbele ya wageni.

Halafu, ulipozidiwa na ugonjwa, ukaniita peke yangu. "Ng'wanawane, mwanangu," ulisema, "ile valvu niliitia ngozi. Mama yako asijue."

Ngozi, Baba Mdogo. Kwenye mvuke. Maji ya ile mashine ya marobota yalikuwa baridi, ndiyo maana ngozi ilishika. Mvuke huipika ngozi ikawa mlenda, na hilo hata mama ntilie anayechemsha makongoro pale stendi analijua. Fundi mkuu hukulijua, au ulilijua ukaona aibu kushindwa na kamba. Sijui lipi ni baya zaidi.

Ulitaka niahidi kunyamaza, nikaahidi, maana anayekata roho habishiwi. Ukafa uso umetulia. Uliutua mzigo wako kifuani kwangu ukaenda zako, na mimi ndiye niliyekuosha.

Sasa boila ninaitunza mimi. Natia grafiti, haivuji, na vijana bado wanakutaja kwa heshima nikiwa palepale.

Ahadi nimeivunja. Jana Mama alikuwa anapepeta choroko, nikamweleza yote. Hakulia. Aliuweka ungo chini, akauliza jambo moja tu, kama Kulwa alijua.

Nikamwambia hakujua. Ni kweli, ila si kweli yote. Sikumwambia kwamba nilikuwapo wodini, Kulwa akiwa amefungwa bendeji hadi midomoni, akikuomba msamaha kwa kukuunguza mkono. Ulimshika mguu, maana ndio uliobaki mzima. Ukamwambia, "Nimekusamehe."

Kwaheri, Baba Mdogo. Hilo la wodini naahidi Mama hatalisikia, kwa ajili yake, si yako. Lakini huko ulikokwenda Kulwa alikutangulia, na mimi sipo kukusaidia kunyamaza. Ukimwona, usianze na salamu.

Doto