Bonde Lote kwa Lenzi Moja

Jumatatu, 3 Juni

Picha za paspoti tangu asubuhi. Madereva wa malori, wote wana haraka, wote wanafumba macho taa ikiwaka. Studio yangu hapa Lusahunga inaishi kwa nyuso zao.

Saa saba mchana kaka yangu Sospeter akapiga simu kutoka Mwanza. Mama amechoka na mashine ya kusafisha damu. Anasema anarudi kijijini kwetu, Mugoma. Daktari alishatuambia: akiiacha mashine, ni wiki chache tu. Na Mugoma hakuna mashine.

Nikaomba niongee naye. Shikamoo, marahaba.

"Nataka kuona kwetu," akasema. "Nimechoka kuona ukuta."

Mwaka na miezi minne yuko kwa Sospeter. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: hospitali. Nikamwahidi picha. Kubwa, ya kujaza huo ukuta. Bonde zima, kutoka uani kwetu. Hakukataa. Alisema tu nisichelewe.

Naogopa.

Jumatano, 5 Juni

Lenzi yangu ni ya nyuso. Bibi harusi inampendezesha, mlima inaukata katikati. Nahitaji lenzi pana. Nimesoma kwenye simu mpaka macho yanauma. Wengi wanabishania mbili: milimita kumi na nne na milimita ishirini na nne. Namba ikiwa ndogo, lenzi inachukua upana zaidi.

Nimefumba macho nikajiweka uani. Kulia kigango, kanisa letu dogo. Chini migomba na kahawa. Kijito. Ng'ambo mlima wenyewe. Kushoto vilima vinavyoingia Burundi. Sitaki kuacha hata kimoja.

Kumi na nne, basi.

Nilijaribu kukumbuka ni mti gani uko pale kwenye kivuko cha kijito. Nimeshindwa. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Ijumaa, 7 Juni

Rusumo. Ramadhani anapiga picha za harusi pale mpakani, ana lenzi zote mbili. Kesho ana harusi, kwa hiyo kuniazima ni moja tu.

Tulizijaribu kwenye maporomoko. Kumi na nne ilimeza kila kitu: daraja, foleni ya malori, vilima vya Rwanda, hata ncha za viatu vyangu. Ishirini na nne iliacha daraja nje. Nikachukua kumi na nne.

Ramadhani akakuna kichwa. "Dada Editha, hiyo inachukua vingi, lakini inavisukuma mbali. Wewe unataka vingi au unataka karibu?"

Nikamwambia nataka vyote. Nilimjibu vibaya. Yeye ananisaidia bure, mimi namfokea.

Jumapili, 9 Juni

Niliingia Mugoma jana jioni. Shangazi Leokadia ndiye anayekaa pale sasa. Maharage yameanikwa ua mzima, tukapita pembeni. Kitanda cha Mama kimetandikwa kama vile anarudi kesho. Sikuweza kulala humo. Nililala na shangazi.

Alfajiri nikasimamisha kamera katikati ya ua. Ukungu ulipoinuka nikapiga arobaini na kitu. Kila kitu kimo. Kigango kimo, Burundi imo. Nilifurahi kama mtoto.

Shangazi akaangalia kioo cha kamera, akainua macho kuutazama mlima, akarudi kwenye kioo. "Huu ni mlima gani?"

Ni kweli. Ule mlima uliotufunika utoto wote, kwenye picha ni kichuguu. Mbingu tupu juu, ua mtupu chini. Nimesogea mbele, nimerudi nyuma, nimepanda juu ya kichanja cha vyombo. Haikusaidia.

Jumatatu, 10 Juni

Mama hakwenda hospitali leo. Amekataa kuvaa viatu. Sospeter amelia kwenye simu, mtu mzima.

Kwa hofu nikatuma ile picha, iliyo bora. Nikajiambia mimi ndiye mwenye jicho la kukosoa, yeye ataipenda.

Akapiga mwenyewe. "Editha, mbona mmeniweka mbali namna hii?"

Nikaanza kumweleza mambo ya lenzi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema hata Mwanza si mbali hivyo.

Nimemkasirikia. Mgonjwa, mama yangu, na nimemkasirikia. Nilikwenda kukaa kwenye kivuko mpaka hasira ikaisha. Mti ni mkuyu.

Jumanne, 11 Juni

Rusumo tena, bodaboda, gari, bodaboda. Nilimwomba Ramadhani radhi. Akanipa ishirini na nne, akaifuta vumbi kwanza, hakusema lolote. Ningefurahi kama angenisema.

Wakati wa kurudi nimeona moshi. Wameanza kuchoma nyasi upande wa pili. Siku mbili tatu, bonde litakuwa jeupe kwa moshi mpaka mvua za vuli. Nina asubuhi moja, labda mbili.

Nilipofika nikampigia Mama. Safari hii nikamuuliza, kitu ambacho nilipaswa kukiuliza tangu mwanzo: unapokuwaza kwetu, umesimama wapi?

Hakufikiri hata kidogo. "Mlangoni pa jiko. Pale nilikuwa nasimama kila asubuhi kabla ya kuwasha moto."

"Pale kigango hakionekani, Mama. Migomba inakiziba."

"Kigango nasikia kengele yake. Lini nimekiona nikiwa jikoni?"

Tulicheka wote wawili. Sikumbuki lini tulicheka mara ya mwisho.

Nikamwomba kesho aende hospitali. Akasema ataona.

Jumatano, 12 Juni

Mgongo wangu kwenye mlango wa jiko. Kamera usawa wa macho ya Mama, si yangu. Yeye ni mfupi. Ishirini na nne. Ukungu ulikaa muda mrefu mno, nikadhani siku imeharibika. Kisha ukapasuka kutoka chini, kijito kwanza, halafu kahawa, halafu mlima wote ukiwa juu yetu, mzito, karibu. Kigango hakimo. Burundi haimo, isipokuwa kipande. Nilipiga sita tu.

Shangazi akatazama. Hakuuliza ni mlima gani. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge akarudi kwenye maharage yake.

Saa kumi ujumbe wa Sospeter: amekubali. Yuko kwenye mashine.

Moshi umefika kwenye kijito.

Jumapili, 16 Juni

Mwanza. Jana tuliitundika picha kwenye ukuta wa Mama. Sospeter alipigilia misumari, mimi nikashika.

Mama alikaa kitandani akaitazama. Nikaona miguu yake imevimba, nikaangalia pembeni. Halafu akaanza: Leokadia hajapogoa migomba. Majani makavu yananing'inia. Nani ameruhusu mbuzi kushuka mpaka kwenye kahawa? Sospeter akatoka nje. Kucheka au kulia, sijui.

Jioni akaniambia nikapige nyingine vuli ikianza, mlima ukiwa kijani. Vuli ni mbali. Nikasema sawa, Mama. Kesho ni siku ya hospitali, ameshachagua gauni. Sijui amekubali kwa muda gani. Sitamuuliza.

Sasa amesinzia, nami naitazama peke yangu. Ni nzuri. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga. Lakini mtoto niliyekuwa pale uani hakuwa akitazama mlima. Alikuwa akigeuka nyuma kuangalia kama Mama amesimama mlangoni. Mama huyo wa mlangoni sina picha yake, na hakuna lenzi ya kumrudia. Yuko hapa, mkono wake umo mkononi mwangu, na bado ninamtamani.

Feni inazunguka. Nimemfunika miguu.